Tulivuka kwenda Idjwi



Katika likizo ya Pasaka tulivuka ziwa kwenda Idjwi. Tulikuwa watatu kutoka kikundi chetu cha Kadutu: mweka-hazina wetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa sambaza zake pale sokoni, mama mshonaji, anayeshika mmoja wa funguo tatu za sanduku, na sisi tunaoandika habari hii, mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari. Huko ISP walituzoeza kuandika «sisi» hata pale mtu anapokuwa peke yake na kazi yake, na tabia hiyo haijatutoka. Kwa hiyo mtakutana na «sisi» ya watu watatu, na mara nyingine «sisi» ya mwalimu mmoja tu anayeona haya kusema «mimi». Mtazitofautisha wenyewe.

Safari ilikuwa ya mweka-hazina. Tangu miaka mingi ana wazo lake: kununua kahawa kisiwani, kuikaanga nyumbani, na kuiuza hapa Bukavu kwa kikombe na kwa kifuko kidogo. Kila mkutano ulipofika kwenye «mambo mengine», tulimwona akifungua mdomo, kisha akiufunga. Akiulizwa, anasema: «Hapana, si kitu.» Siku moja alikitaja hicho kitu, na papo hapo akakipinga yeye mwenyewe: «Lakini nani atakunywa? Watu wetu ni wa chai.» Na ni kweli. Milima ya Kivu inatoa kahawa ya arabika inayotafutwa Ulaya na Marekani, magunia yanapita mbele ya macho yetu, na asubuhi sisi tunachemsha majani ya chai.

Mama mshonaji ndiye aliyekata shauri. «Twende tukaione,» alisema. «Kuona hakuna bei.» Ulikuwa uongo, maana boti ina bei na kulala ugenini kuna bei, lakini tulikubali. Sanduku la kijani lilitoa mkopo mdogo. Mwalimu alichukuliwa kwa ajili ya kaye na biki, ili hesabu ziandikwe.

Hatukumwambia mtu kwamba nasi tulikuwa na jambo letu, ambalo halijawahi kufika hata kwenye «mambo mengine».

Mtu wa Kadutu anaishi na ziwa machoni. Ukishuka njia yoyote liko pale chini, kati ya mapaa ya mabati. Lakini maji ya kunywa tunayabeba kwa bidoni, na wengi wetu tumekua bila kuingia ziwani kupita magoti. Mwandishi hajui kuogelea. Mama mshonaji pia hajui, na usiku wa kuamkia safari alikuwa amelia, ingawa asubuhi alituambia ni moshi wa makaa.

Boti ilikuwa ya mbao, injini nyuma, na abiria tuliketi juu ya mizigo: magunia ya unga, katoni za sabuni, mabati, kuku wawili waliofungwa miguu. Tulipewa jile za kuelea. Tulizikagua kwanza kama kamba zake zinafungika, maana kwenye ukingo huu hakuna mama asiyejua nyumba moja iliyolia kwa sababu ya boti. Nahodha alitucheka kidogo, kisha akaja kuzifunga yeye mwenyewe.

Vitabuni tumesoma kwamba Ziwa Kivu liko meta 1460 juu ya usawa wa bahari, kwamba kina chake kinapita meta 450, na kwamba katika maji ya chini kabisa imeyeyuka gesi ya metani, ile ambayo majirani wetu wa Rwanda wanaivuta kufanya umeme. Kujua hayo yote hakukutuliza tumbo hata kidogo. Kilichotutuliza ni mama mmoja wa kisiwani aliyekuwa amelala usingizi mzito juu ya gunia, mtoto kifuani, kana kwamba yuko kitandani kwake.

Tulipotoka nje ya rasi za mji, jua lilikuwa limeanza kupanda, tukapishana na wavuvi wa sambaza wakirudi: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, taa zimezimwa, wanaume wakipiga makasia kwa wimbo. Tukamwambia mweka-hazina jambo ambalo halijui kila mtu: sambaza si samaki wa asili wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakamwagwa humu, wakazaa.

Yeye anauza samaki hao tangu miaka 20. Alinyamaza kwa muda.

«Mwalimu, unanidanganya?»

«Hapana, mama.»

«Basi nani aliwaza kwamba watakubali maji haya?»

Swali hilo hatukuweza kulijibu. Tulitazama mitumbwi hadi ikapotea.

Mwendo wa boti ni mrefu, na mtu asiyeweza kulala anawaza. Jambo letu ni hili. Katika kikundi chetu tuko 24. Kati yetu, 11 wanatia kidole gumba kwenye kitabu cha mikutano. Tangu tulipotoka chuoni na diploma mkononi, tulitamani kuwa na darasa la wamama, la kusoma na kuandika, hata mara moja kwa juma. Si kwamba hatukujaribu. Miaka minne iliyopita tuliomba chumba cha mikutano karibu na soko, tukaandika tangazo kwa chaki (tangazo la kuwaita watu wasiojua kusoma, tulilibandika ukutani, cheka tu, mama), na wakaja wanne kwa kuambiwa na wenzao.

Tulikuwa na kitabu cha mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, chenye picha ya mpira na picha ya paka. Tuliwasimamisha wanawake wazima, wengine wana wajukuu, waseme kwa pamoja: a, e, i, o, u. Watoto wakaja dirishani. Mmoja wao alikuwa binti wa mama aliyekuwa amesimama mbele kwenye tablo. Yule binti akaanza kuitika a, e, i, o, u kwa sauti ya kuigiza, na wenzake wakacheka. Mama yule akaweka chaki chini taratibu, akajifunga kitenge vizuri, akatoka. Juma lililofuata walikuja wawili. Juma la tatu tulikaa peke yetu hadi saa kumi na moja, tukafunga mlango.

Hatukumfuata yule mama. Tuliona haya. Na haya hiyo iligeuka kuwa maneno mazuri: hatukusomea kufundisha watu wazima, tumesomea Kifaransa, ngoja watoto wakue, ngoja mshahara utulie, ngoja tupate vitabu vya kufaa. Kila mwaka darasani tunawaambia wasichana habari za Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Congo kupata shahada ya chuo kikuu, pale Lovanium mwaka 1964, akawa waziri mwaka 1966. Tunawaambia kwa sauti kubwa: wasichana, anzeni! Kisha kengele inalia, tunarudi nyumbani, na sisi hatuanzi.

Idjwi inaonekana mbali kwanza kama mlima mmoja wa bluu, kisha inakuwa migomba, kisha inakuwa watu. Kati ya visiwa vya maziwa ya Afrika, ni Ukerewe ya Ziwa Victoria tu inayokipita kwa ukubwa, lakini mgeni hajui hayo. Mgeni anasikia kimya. Mtu wa Bukavu amezoea honi na redio za majirani. Pale tuliposhuka tulisikia jogoo, jembe likigonga jiwe, na pikipiki moja tu, mbali. Njia ni nyekundu na zinateleza mwezi wa nne. Mananasi yamepandwa hadi kando ya njia, na mtoto aliyetubebea kikapu alituambia bei yake kabla hatujauliza. Watu wa hapo ni Bahavu, na kati yao kuna Bambuti pia. Wanasema Kihavu nyumbani, lakini Kiswahili kilitutosha kila mahali.

Tulipokewa na mama mmoja mzee kidogo, mjane, mwanachama wa kikundi cha wamama wanaolima kahawa. Nyumba yake iko juu ya kituo cha kuoshea kahawa, karibu na maji. Alituonyesha kazi yote, na mweka-hazina alimfuata kama mwanafunzi, akigusa kila kitu.

Kahawa inachumwa ikiwa nyekundu kabisa. Moja ya kijani ndani ya kikapu inaharibu ladha. Inatumbukizwa majini, na ile inayoelea inaondolewa kwa sababu ni tupu au imeliwa na mdudu. Siku ile ile inapita kwenye mashine inayovua ngozi nyekundu. Ndani ya tunda mna mbegu mbili zenye utelezi kama wa bamia. Zinaachwa zichachuke usiku kucha, kisha zinaoshwa kwenye mfereji wa saruji hadi zisiteleze tena. Ukizishika zinakwaruza kama changarawe. Ndipo zinaanikwa kwenye meza za wavu, siku nyingi, na wamama wanasimama kando ya meza wakichagua moja moja kwa vidole. Mvua ikinusa tu, wote wanakimbia kufunika. Kwa kilo moja ya kahawa iliyo tayari kukaangwa, zinahitajika kilo sita au saba za matunda mekundu. Mweka-hazina alipoisikia hesabu hiyo alikaa juu ya jiwe.

«Na miye nililalamika bei!» alisema.

Jioni mwenyeji wetu alitupikia maharage na ndizi, akatueleza yaliyotangulia. Zamani kidogo hakukuwa na vituo hivi. Mnunuzi alikuwa mbali na kodi zilikuwa nyingi, kwa hiyo wanaume walipakia kahawa kwenye mitumbwi usiku, wakavuka kwenda Rwanda kuiuza au kuibadilisha kwa sabuni na nguo. Upepo wa usiku kwenye ziwa hili hauna taarifa. Wengi hawakurudi. Mume wake alikuwa mmoja wao. Alisema hayo bila kubadilisha sauti, akiendelea kumenya ndizi, nasi hatukujua mahali pa kuangalia.

Baada ya kifo hicho mashamba yalibaki, na yeye hakuwa amewahi kuuza hata kilo moja. Kahawa ilikuwa mali ya wanaume. Mwanamke alichuma tu na kubeba. Shemeji zake walimwambia akodishe shamba, kwa sababu «mwanamke na mizani ni wapi na wapi». Tulimuuliza alipata wapi nguvu ya kukataa. Alifikiri sana, tukadhani atatuambia neno la kuandika kwenye kaye.

«Zilikuwa zimeiva,» alisema. «Zingeanguka.»

Kesho yake tulishuka naye kituoni na vikapu vyake. Karani alipima, akaandika namba kwenye kikaratasi, akampa. Yeye akasema aksanti, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pembe ya kitenge chake, pamoja na vingine. Tulipokuwa tukipanda mlima tulimuuliza ilikuwa kilo ngapi.

«Wananiambia. Ishirini na kitu.»

«Na kikaratasi kinasemaje?»

«Hicho kinasema na wenye macho.»

Usiku, watoto walipolala, alileta taa, akafungua pembe ya kitenge na kumwaga mezani vikaratasi saba. «Mwalimu,» alisema, «nisomee.» Kisha akaenda nyuma ya mlango, akarudi na kamba ya mgomba yenye mafundo. Kila kikapu alichokipeleka kituoni kilikuwa na fundo lake. Kikapu kilichojaa fundo kubwa, nusu kikapu fundo dogo. Na kati ya siku na siku aliacha nafasi. Sisi tumefundisha miaka 11 na hatujawahi kuona kitabu cha hesabu kilicho safi namna ile.

Tukasoma: 23. Akapitisha vidole kwenye mafundo, akaitika kwa kichwa. 17. Akaitika. 26. Akaitika. Cha nne kilisema 13. Vidole vyake vikasimama. Akarudi mwanzo wa nafasi ile, akahesabu tena.

«Hapana,» alisema. «Siku ile nilipeleka nyingi kuliko leo. Mgongo wangu unakumbuka.»

Asubuhi tulishuka wote wanne hadi kwa karani. Njiani mioyo ilikuwa ikitupiga, tuseme ukweli. Mgeni anayeuliza habari za mizani ugenini anaweza kufukuzwa. Karani alikuwa kijana mpole. Alifungua daftari lake kubwa, akatafuta tarehe, akashika kichwa. Kwenye daftari iliandikwa 31. Kwenye kikaratasi alikuwa amegeuza tarakimu, na malipo yalifuata kikaratasi. Kilo 18 zilikuwa zimebaki hewani tangu majuma mawili. Aliomba msamaha, akaandika kikaratasi kingine, akasema maneno ambayo tumeyabeba hadi nyumbani: «Mama, hakuna aliyewahi kuniuliza.»

Habari kwenye kisiwa haihitaji redio. Jioni hiyo walikuja wanawake tisa nyumbani kwa mwenyeji wetu, kila mmoja na pembe yake ya kitenge. Wawili walileta watoto mgongoni. Wakaketi kwenye mkeka, na mkubwa wao akasema: «Hatukuja kusomewa. Tumekuja kuonyeshwa hizo mbili zilizogeuka.»

Tulisema mambo mengi kwa haraka. Tulisema hatukuleta vitabu, tunaondoka keshokutwa, sisi ni walimu wa watoto wakubwa na wa lugha nyingine. Mama mshonaji, ambaye hajui habari ya darasa letu la kwanza, maana aliingia kikundini baadaye, alitutazama kwa mshangao. «Mwalimu, unaogopa nini? Wao wana karatasi tayari.»

Ilikuwa kweli. Vitabu vilikuwa mezani. Tulikuwa tumetafuta miaka minne vitabu vya kufaa, na vilikuwa vimekunjwa mara nne ndani ya vitenge.

Mwenyeji aling'oa ubao mmoja uliokuwa ukifunga dirisha, tukapata kaa jeusi kutoka jikoni. Tuliomba pia kahawa kavu kwenye ungo. Hatukuimba kitu na hatukumsimamisha mtu. Tuliweka mbegu kumi kwenye fungu moja, na nyingine tatu kando: hiyo ni 13, fungu ni 1, zilizobaki ni 3. Kisha mafungu matatu na mbegu moja: 31. Mama mmoja alivuta mafungu kwake, akayapanga, akayavunja, akayapanga upya, akaanza kucheka peke yake. «Kumbe nafasi ndiyo inayosema!» Tunawafundisha watoto jambo hilo mwaka mzima, na wengine wanavuka darasa bila kulishika.

Usiku wa pili walirudi saba, na wapya watatu. Wakataka herufi. Hapo tulikumbuka kitu cha zamani. Chuoni tulisoma habari za Paulo Freire wa Brazili, ambaye mwaka 1963, katika mji wa Angicos, yeye na wenzake waliwafundisha wafanyakazi wapatao 300 kusoma kwa saa 40 hivi, wakianza na maneno ya kazi na maisha yao. Mfano unaotajwa sana ni «tijolo», yaani tofali. Tuliliandika kwenye mtihani, tukapata pointi nzuri, tukaufunga ukurasa. Kufikiri kwamba siku moja tutalihitaji tofali lile Idjwi!

Neno la hapo halikuwa la kutafuta. Kukawa na ubishi kidogo, maana wengi wetu tunasema «kawa», na mama mmoja alishikilia kwamba hiyo «ha» ya katikati ni ya watu wa vitabu. Tukakubaliana kuiandika yote, anayetaka ataimeza. Kwa kaa tukaandika kahawa, tukaikata vipande vitatu, na chini ya kila kipande ndugu zake: ka, ke, ki, ko, ku, ha, he, hi, ho, hu, wa, we, wi, wo, wu. Tukawaambia: chagueni vipande, mtengeneze neno jingine.

Wa kwanza alipata kuku, na vicheko vikaamsha watoto. Mwingine akapata kaka. Mwingine wako. Mwenyeji wetu alikaa muda mrefu na kidole kwenye mstari wa pili. Akaweka kidole juu ya ha, akakipandisha polepole hadi mstari wa kwanza, akakisimamisha juu ya ki. Akasoma kwa kunong'ona, mara mbili. Hakuna aliyemsahihisha, hakukuwa na la kusahihisha.

Wamama, tusidanganyane: hakuna mtu aliyejua kusoma kwa jioni mbili. Wawili walichanganya 6 na 9 hadi mwisho. Tulipoondoka, mwenyeji wetu aliweza kusoma kikaratasi chake cha kilo bila msaada, na wenzake wanne pia. Mpaka tarakimu mbili tu. Binti ya mmoja wao, anayesoma kidato cha tatu, aliahidi kuendelea nao. Tulimwachia kaye yetu, na ndiyo sababu hesabu za safari zimeandikwa nyuma ya bahasha, jambo ambalo mweka-hazina hajatusamehe.

Yeye alinunua kilo 10 za kahawa kavu iliyo bado na ganda lake jembamba. Hapa nyumbani aliitwanga kwenye kinu na kuipepeta, zikabaki karibu nane. Sufuria ya kwanza iliungua. Majirani walikuja na ndoo za maji wakidhani nyumba inawaka. Ya pili ilikuwa na rangi mbili. Ya tatu tuliinywa mkutanoni, na mama mmoja wa chai, hatumtaji, aliomba kikombe kingine. Sasa anaweka mafungu madogo pembeni ya sambaza. Bado anaifunika kwa kitambaa mtu mkubwa anapopita, kana kwamba ameiba. Mkopo wa sanduku amerudisha nusu.

Na sisi. Boti ya kurudi ilikuwa na mawimbi, mama mshonaji alishika mkono wetu hadi ukafa ganzi, lakini hatukuwa tukiwaza maji. Tulikuwa tukimwaza yule mama wa Kadutu aliyeweka chaki chini.

Siku tatu baada ya kufika tulikwenda kwake. Tulipita mlango wake mara mbili kwanza. Alikuwa akipepeta unga anaouza. Tulimwambia kwamba siku ile kosa lilikuwa letu: tulimfanya mtoto mbele ya mtoto wake. Aliendelea kupepeta. Binti yake, ambaye sasa ni msichana mkubwa, alikuwa ndani na alisikia yote. Mwisho mama alisema: «Nimesikia, Mwalimu. Nitaona.» Akatupa kigoda tukae, tukaongea habari za bei ya mihogo.

Darasa limeanza. Linafanyika kila siku ya posho, saa tisa, soko linapopungua, katika ua wa mama mshonaji, nyuma, mahali ambapo hakuna dirisha la njia. Hakuna tangazo. Hakuna kusimama mbele. Siku ya kwanza walikuja sita, ya pili mvua ilinyesha wakawa watatu, juma lililopita wanane. Tunaanza na vile mtu anavyoleta: kikaratasi cha hospitali, risiti ya minervali, namba za simu, kopo la maziwa ya mtoto. Tumeazima mizani ya mweka-hazina. Bado tunaamka usiku wa kuamkia siku ya posho na tumbo limekaza, kama ndani ya ile boti.

Yule mama hajaja. Juma lililopita alipita na beseni la unga kichwani, akasimama kwenye lango la ua, akatazama ubao kwa muda, akaendelea na njia yake. Kigoda chake tumekiweka karibu na lango.

Anayetaka kuja aje na kigoda chake, na karatasi yoyote aliyoikunja.